Mkurugenzi wa Faraja

Mama Pacha hakuajiriwa kwa cheo chochote. Siku yake ya kwanza katika ile nyumba ya kulelea wazee alipewa aproni mbili na ndala, wifi yake akamwonyesha korido, akamwambia, "Ukisikia kengele, nenda." Mafunzo yakawa yameisha.

Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, ndiye aliyemtafutia kazi. Siku hizo wote wawili walikuwa walezi, na walezi walikuwa wengi kiasi cha kutaniana kazini. Mzee akitaka kutoka kitandani, mmoja anainua, mwingine anashikilia. Juu yao alikuwepo matroni mmoja tu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, ambaye akikuta mzee amejichafua hakuuliza zamu ni ya nani. Alikunja mikono ya gauni akaagiza maji ya moto.

Kazi yenyewe si ya mzaha. Mtu mzima aliyelegea ni mzito kuliko gunia la saruji, kwa sababu gunia haliogopi kuanguka. Unamwinua huku unamsemesha, huku unamfunika, huku unajifanya huoni anachoona haya kukionyesha. Mama Pacha aliizoea, kisha akaipenda kwa namna ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Akiulizwa anafanya nini alisema tu, "Naosha wazee," na mazungumzo yakahamia kwingine.

Matroni alipostaafu, akaja mkurugenzi mkuu. Jina lake lilikuwa mlangoni kwenye kibao kinachong'aa, lakini walezi walimwita Bwana Muundo, maana hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kulitaja neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Hakupayuka, aliwasalimia wafagiaji, aliulizia watoto wa watu kwa majina yao. Ila alikuwa hawezi kuona watu watatu wanafanya kazi bila kumtoa mmoja awasimamie wawili.

Alianza na mpishi. Yule mama akawa Meneja Mwandamizi wa Lishe, akapewa meza, kalenda na kiti kinachozunguka, na tangu siku hiyo hakushika mwiko. Chakula kikawa kinaletwa kutoka nje, kimeshapoa njiani. Mlinzi wa getini akawa Mkuu wa Usalama na Ukarimu, akahamia ghorofani, geti likabaki na kufuli lake. Mfuaji akawa Mratibu wa Vitambaa na Matandiko. Kisha walezi wenyewe wakaanza kung'olewa mmoja mmoja kama meno: huyu Afisa wa Heshima, yule Afisa Mwandamizi wa Heshima, mwingine Mshauri wa Mahusiano ya Wakazi, kwa sababu wazee nao walikuwa wamepandishwa cheo wakawa wakazi.

Mishahara haikupanda kiasi cha kumfanya mtu aruke. Kilichopanda ni mabega. Watu waliokuwa wakigombania beseni moja wakaanza kuitana kwa vyeo kwenye korido, na wakigongana mlangoni kila mmoja alimsubiri mdogo wake kwa cheo ampishe. Mama Pacha aliwatazama akacheka. Kilemba cha ukoka, alijisemea, na mwenye kuvishwa anaomba kioo.

Kicheko kilimkauka alipoona kila cheo kinataka chumba. Wazee waliokuwa wawiliwawili wakasogezwa wakawa wanne, vitanda vikabanana hadi mtu anayegeuka usiku alimpiga mwenzake kiwiko. Viti vya magurudumu vya kusukumia wazee vilikuwa vibovu, kimoja kikienda upandeupande kama kaa, ilhali viti vya magurudumu vya ofisini viliendelea kushushwa kwenye gari vikiwa bado na nailoni. Kengele nayo ikahamishwa. Zamani ililia koridoni, aliye karibu akaenda. Sasa ililia kwenye Kitengo cha Mapokezi ya Mahitaji, ambako afisa aliipokea, akampelekea meneja anayehusika, na meneja akawapelekea wanaoitwa watekelezaji.

Watekelezaji walikuwa wawili: Mama Pacha na mwanamume mmoja aliyeitwa Mrefu, mpole, mwenye mgongo uliokwisha kuchoka kabla ya umri wake.

Wifi ndiye aliyefuata. Siku alipotangazwa kuwa Mkurugenzi wa Faraja, Mama Pacha alifurahi kwa dhati. Aliyajua magoti ya wifi yake. Alikuwa amemwona akishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta, meno yameumana. Akampikia, akawaita ndugu. Mumewe, dereva wa malori ambaye wiki nzima huwa safarini, alisimama katikati ya sebule akasema, "Dada sasa ni mkurugenzi. Mliozoea kumtania, mjirekebishe." Watu wakacheka. Mjomba mmoja akamvuta wifi pembeni amuulizie kazi ya mwanawe.

Ofisi aliyopewa ilikuwa kile chumba chenye kibaraza, ambacho wazee walikuwa wakipelekwa asubuhi kuota jua. Wakaziba kioo kwa pazia zito ili kompyuta isimulikwe.

"Na wazee wataota wapi jua?" Mama Pacha alimuuliza.

"Limo kwenye mpango, wifi," wifi alijibu. "Tunaandaa mkakati wa mwanga."

Mama Pacha alimtazama usoni akidhani anatania. Hakuwa anatania.

Mwaka huohuo mama yao, mama mkwe wa Mama Pacha, alipigwa na kiharusi. Upande mmoja wote ulikufa ganzi, mdomo ukapinda kidogo, akili ikabaki kali kama wembe. Aliishi na Mama Pacha na mumewe ghorofa ya juu kabisa, ngazi nyembamba, na mchana nyumbani hapakuwa na mtu. Wakakubaliana, mume, wifi na Mama Pacha, kwamba mama aletwe palepale wanaposhinda wote wawili. Ndugu walinong'ona, eti mama mwenye watoto hai anapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Mama Pacha alitia pamba masikioni.

"Mimi ndiye nitakayemgeuza," aliwaambia. "Nani kati yenu anajua kugeuza?"

Bibi mwenyewe hakununa. Alizoea haraka, akajua nani anakoroma na nani anadanganya umri. Mchana Mama Pacha akipita alimsikia akiita, "Mke wa mwanangu, njoo unikune mgongo, huyu mkurugenzi wenu kucha zake ni za mapambo." Wifi alikuwa akija kila siku, hilo hakuna wa kumnyima. Alisimama kwenye mwisho wa kitanda na simu mkononi, akamuuliza mama yake kama ameridhika na huduma.

"Nimeridhika na wewe kuja," bibi alimjibu siku moja. "Lakini kaa basi, au umekatazwa?"

Sasa asubuhi yenyewe, ile ya mkasa. Wakuu wote walikuwa ghorofani kikaoni wakichagua maneno ya kuandikwa ukutani mwa mapokezi, na walikuwa wamebishana tangu chai kama iandikwe "utu" kwanza au "ubora" kwanza. Mrefu alikuwa ameitwa apandishe meza ya Naibu Mkurugenzi anayetarajiwa, mtu ambaye bado hajaajiriwa. Chini alibaki Mama Pacha na wazee.

Alikuwa bafuni anamwogesha mzee mmoja aliyewahi kuendesha treni, mtu wa mwili mkubwa na miguu ya kutetereka. Huyo ukimwachia mkono anateleza na sabuni yake. Kabla ya kuingia bafuni alikuwa amemketisha mama mkwe wake kwenye kiti cha choo kando ya kitanda, akamwekea swichi ya kengele mapajani. "Ukimaliza bonyeza, Mama, wa juu wakiniletea habari nitakuja."

Bibi akamaliza, akabonyeza. Kengele ikalia ghorofani, ndani ya kitengo kilichofungwa kwa ajili ya kikao.

Mama Pacha hakuweza kuisikia. Alichosikia ni kishindo, kisha sauti ya bibi wa kitanda jirani ikiita watu. Akamkalisha dereva wa treni sakafuni na sabuni mwilini, akamwambia, "Shika hilo bomba, usinyanyuke hata nyumba ikiungua," akakimbia na maji yakimtiririka viwikoni.

Mama mkwe wake alikuwa amelala kati ya kitanda na ukuta, gauni limempanda kiunoni, mguu umekaa vibaya. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakulia.

"Nifunike kwanza," alisema.

Mama Pacha akavuta shuka akamfunika.

"Nimebonyeza sana, mwanangu. Nikaona labda mmechoka, nikataka kujisaidia mwenyewe."

Neno hilo la kuchoka ndilo lililomchoma. Angetukanwa angevumilia. Aliuangalia ule mguu akajua hafai kumgusa peke yake, akajua pia kwamba kwenye nyumba iliyojaa watu hana mtu. Akapanda ngazi.

Alifungua mlango wa kikao bila kubisha. Meza ilikuwa ndefu na viti vimejaa, wengine wameketi madirishani. Wengi aliwahi kuoga nao jasho moja. Wakamgeukia wote, na macho yakamshukia kwenye aproni iliyolowa.

"Mkazi ameanguka. Nahitaji mikono minne."

Hakuna aliyenyanyuka. Si kwamba walikataa. Kila mmoja alimtazama mwenzake kuona suala hilo linaangukia meza ya nani. Bwana Muundo akasema kwa upole, "Pole sana. Hili ni la kitengo kipi?"

"Kuanguka ndani si usalama," Mkuu wa Usalama na Ukarimu akasema. "Usalama ni kuanzia ukuta kwenda nje."

"Ni heshima, nadhani," mwingine akasema.

"Heshima ni akiwa anahudumiwa. Huyu alikuwa peke yake."

Wifi alikuwa anaandika, hajainua kichwa. "Ni nani aliyeanguka?" aliuliza.

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako," Mama Pacha akasema. "Wangapi tena unao?"

Kalamu ikadondoka. Wifi alivua viatu vya kisigino akashuka zile ngazi kwa magoti yake yale, na nyuma yake akashuka yule aliyekuwa mpishi. Mrefu akaacha meza ya Naibu katikati ya ngazi. Wanne wale wakamtelezesha bibi juu ya shuka, wakamnyoosha kwenye ubao, gari la wagonjwa likaja. Wengine waliposhuka walikuta sakafu tupu na kiti cha choo kimelala ubavu. Mama Pacha hakuwaangalia. Alirudi bafuni, akamkuta dereva wa treni bado ameng'ang'ania bomba, anatetemeka kwa baridi.

"Nimeshika," mzee alisema.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema ataishi, ila kusimama asahau. Mume wa Mama Pacha aliposikia kwa simu aliuliza, "Na nyinyi wawili mlikuwepo?" Hasira iliyokuwa imemjaa Mama Pacha kifuani haikupata mlango, ikabaki ndani inazunguka, akala nayo, akalala nayo.

Haukupita muda akaitwa kwenye kikao walichokiita cha tafakari. Safari hii alikaribishwa kiti. Bwana Muundo alimpa pole, na macho yake yalikuwa yamelowa kwelikweli, jambo lililomkera Mama Pacha zaidi. Mtu anayekulilia huwezi kumrushia kitu.

"Tumejitazama kwa unyofu," Bwana Muundo alisema. "Tumegundua kwamba kwenye muundo wetu hapakuwa na mtu anayemiliki suala la kuanguka. Tumeamua kuanzisha nafasi ya Mkurugenzi wa Kuzuia Maanguko, na msaidizi wake. Na hapa mezani tumekubaliana kwamba hakuna anayefaa kuliko wewe."

Watu wakapiga makofi kidogo, ya adabu.

"Na nitainua nani?" Mama Pacha akauliza.

"Hutainua tena. Utasimamia."

"Nitamsimamia nani?"

"Watekelezaji."

"Mtekelezaji atakuwa Mrefu peke yake."

Mrefu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Akainamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake kubaki mmoja.

Wifi alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, macho yamevimba. Akainama mbele. "Chukua, wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe mgongo wako si wa chuma. Chukua upumzike."

Mama Pacha alihisi mikono inamwasha. Akaiweka mapajani. "Nitawajibu kesho," akasema, akaondoka, chai akaiacha imefunikwa.

Kesho yake alifika mapema, akamkuta Mrefu anabadilisha maji ya kunywa. Akamweleza alichokusudia. Mrefu alikuna kidevu.

"Watatufukuza."

"Watanifukuza mimi. Wewe useme nilikuamuru. Si nimeshakuwa mkurugenzi?"

Wakapita chumba kwa chumba wakawauliza wazee wenyewe, maana Mama Pacha aliapa kwamba hatamsogeza mtu asiyetaka. Wachache walikataa, wakaachwa vitandani mwao. Waliobaki walikubali, wengine kwa raha ya watu wasioalikwa mahali siku nyingi. Dereva wa treni aliomba atangulie.

Basi waliokuwa na njaa wakasukumwa wakawekwa mbele ya mlango wa Meneja Mwandamizi wa Lishe, kila mmoja na bakuli tupu mapajani. Waliolowa wakapelekwa kwa Mratibu wa Vitambaa na Matandiko, na vitanda vyao. Waliohitaji kuoga wakapangwa kwa maafisa wa heshima, wa kawaida na mwandamizi, taulo begani. Bibi mmoja ambaye husema siku nzima kwamba mtoto wake atakuja leo, akakalishwa mlangoni kwa Mshauri wa Mahusiano ya Wakazi. Na wale waliokuwa na maumivu, au huzuni tu, Mama Pacha aliwapanga mmoja baada ya mwingine mbele ya ofisi ya Mkurugenzi wa Faraja, ambayo zamani ilikuwa kibaraza chao, na bibi mmoja alipoutambua mlango akasema, "Kumbe bado upo."

Wakuu walipofika kazini, korido ilikuwa imejaa. Kufungua ofisi lazima uombe mzee njia.

"Shikamoo, mzee, hebu..." alianza Mratibu wa Vitambaa.

"Marahaba," mzee akajibu. "Nimejikojolea. Nimeambiwa wewe ndiye mwenyewe."

Mratibu aligeuka nyuma kumtafuta mtekelezaji. Mama Pacha alikuwa amesimama pale, mikono ameikunja.

"Mbona unanitazama mimi?" alisema. "Cheo kiko mlangoni kwako, kimeandikwa kwa herufi kubwa. Ingia kazini."

Afisa Mwandamizi wa Heshima aligeuza njia akapitia mlango wa nyuma, na hakuonekana hadi mchana. Mkuu wa Usalama akasema atapiga simu, hakusema kwa nani. Mshauri wa Mahusiano aliketi kando ya bibi yake akamshika mkono, labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na bibi akamwambia kwamba mtoto wake atakuja leo. Aliyemshangaza Mama Pacha ni Meneja Mwandamizi wa Lishe. Yule mama alisimama muda mrefu mbele ya mabakuli matupu. Kisha akaweka mkoba chini, akafunga khanga juu ya sketi yake ya ofisi, akasema, "Nipisheni nione kama jiko bado linawaka," na kabla hata uji haujachemka harufu yake ilishawafikia watu wa mwisho wa korido.

Wifi alifika akiwa amechelewa, anatoka hospitali kumwona mama. Alikuta mlango wake umezibwa na viti. Mtu mmoja alikuwa anaugua kwa sauti ndogo, mkono juu ya bega linalomsumbua. Wifi alimwangalia yule mtu, akamwangalia Mama Pacha.

"Unanifanyia hivi leo?"

"Wao hufanyiwa kila siku."

"Wifi, tafadhali. Mbele za watu."

"Mama alilala sakafuni mbele za watu," Mama Pacha akasema. "Ila hao watu walikuwa ghorofani wanachagua maneno."

Hapo Bwana Muundo akatokea. Alikuwa amejikaza asipandishe sauti.

"Mama Pacha, hiki ulichokifanya kinavunja muundo mzima."

Ndipo ile hasira ikapata mlango wake. Mama Pacha hakupiga kelele. Wale waliokuwepo walisema baadaye kwamba walitamani angepiga.

"Muundo gani? Huu wa kichwa kama tenki na miguu miwili? Nilipokuja hapa tulikuwa na mikono. Umeichukua mkono mmoja mmoja umeipandisha ghorofani, umeipa majina, umeipa viti. Ukimkuta mtu anajua kumwinua mzee, zawadi yake ni kukatazwa kuinua. Halafu mtu anavunjika nyonga, nyinyi mnaona kilichokosekana ni bosi mwingine. Mmenipa cheo juu ya mfupa wa mama mkwe wangu, mkanipigia na makofi. Sikitaki. Nipeni walezi. Rudisheni kengele ilie hapa, isikiwe na wenye masikio."

Dereva wa treni akasema, "Amesema," kama mtu anayefunga shauri.

"Nimekusikia," Bwana Muundo akasema. "Lakini siwezi kuendelea na wewe. Kwa utaratibu wetu, anayekuondoa ni mkuu wako wa karibu."

Akamgeukia wifi, kwa kuwa watekelezaji waliandikwa chini ya Faraja.

Mama Pacha naye alimgeukia. Alimjua mwanamke huyu tangu alipoolewa. Ndiye aliyemshika mkono siku ya kujifungua pacha wake, na ndiye aliyemfundisha kumgeuza mtu bila kumuumiza. Wifi alisimama na mkoba kifuani. Kisha akapenya katikati ya viti, akaingia ofisini, na akatoka na karatasi iliyosainiwa. Hakumpa mkononi. Aliiweka juu ya kitanda kilichokuwa karibu, akarudi ndani.

Mama Pacha alivua aproni. Akapita kwa kila mzee akamuaga, akimwambia nani aombwe nini, na Mrefu akamsindikiza hadi getini, akafungua lile kufuli. Alitembea njia nzima hadi nyumbani kwa mguu, kwa sababu alijua akikaa karibu na mtu atamgombeza bure.

Bibi aliporuhusiwa kutoka hospitali, haikujadiliwa tena arudi wapi. Majirani walimpandisha ngazi akiwa kwenye kiti, wakisimama kila kona ya ngazi kupumua, kitanda kikawekwa sebuleni karibu na dirisha. Mume aliomba safari fupifupi, na zile siku alizokuwepo alijifunza kugeuza, vibaya, huku mama yake akimcheka. Siku nyingine zote Mama Pacha alifanya peke yake. Mgongo ulianza kumtoboa upande wa kushoto. Jina la wifi halikutajwa humo ndani. Mume alijaribu mara moja kusema, "Ni dada yangu, lakini," na mkewe akamwambia, "Malizia hiyo lakini," akashindwa.

Wifi alikuja Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa amepanda ngazi zote zile. Mama Pacha alimsikia tangu chini, hatua, kimya, hatua. Akafungua mlango akasimama katikati yake.

"Hujambo, wifi."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kumwona mama."

"Mama haonwi. Mama anaoshwa."

Sauti ya bibi ikatoka ndani. "Mwache aingie, mke wa mwanangu. Nimelowa, na wewe mgongo unakuuma usinifiche. Nyinyi mtagombana nikiwa mkavu."

Mama Pacha akasogea. Wifi akaingia, akatafuta pa kuweka mkoba, akauweka sakafuni. Akaenda kunawa. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya blauzi.

Wakafanya kazi bila kusemeshana, beseni katikati yao. Baadaye wifi akaanza kuongea mwenyewe, macho kwenye kitambaa anachokamua. Mpishi amegoma kurudi ofisini, sasa anapika, na wazee wanakula cha moto. Mshauri wa Mahusiano na afisa mmoja wa heshima wameomba kushuka wodini, Bwana Muundo amewakubalia baada ya kuwaita Wakuu wa Kanda ya Chini. Kengele imerudishwa koridoni kwa sababu familia za wazee zilikuja juu. Mrefu ana watu wa kumsaidia. Wengine wote wako vilevile, na nafasi ya Mkurugenzi wa Kuzuia Maanguko imejazwa na mtu wa kutoka nje.

"Na wewe?"

"Mimi nipo palepale."

"Kwa pazia lako."

"Pazia nimelitoa." Wifi alikamua kitambaa chake. "Wanakuja kuota jua asubuhi. Mimi nahamisha meza."

Mama Pacha alisuuza kitambaa chake. Moyoni alitafuta mahali pa kuliweka hilo neno, asipaone bado. "Kwa nini ulisaini?"

"Kwa sababu ya haya magoti. Niliwaza nisiposaini nitarudishwa wodini, na nikirudi wodini sifiki mwisho wa mwaka. Niliogopa, wifi. Sina maelezo mengine."

"Mimi nami nina mgongo."

"Najua."

"Watoto wangu wanakula kwa mkono mmoja wa baba yao."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba," wifi akasema. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Nimekuja kuosha. Jumamosi ijayo nitakuja tena, hata ukinifungia nitakaa kwenye ngazi."

"Mtaniacha nipate baridi," bibi akasema.

Hasira ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata chembe, na alijua atakuwa nayo siku nyingi. Lakini shuka ilikuwa imelowa na mtu mzima alikuwa juu yake.

"Shika upande wako," alisema. "Nyonga ni ya kushoto, usiiguse. Tunamgeuzia dirishani."

Wifi akapiga goti moja kitandani, akakunja uso kwa maumivu, akashika shuka.

"Mikono yako ya baridi," bibi akamlalamikia binti yake. "Ukimaliza hapo unichane nywele."